Mshika Funguo Mlangoni

Watu wakiukumbuka mchezo wetu wa karakana, humtaja Radi. Sawa, wamtaje. Alikuwa na sauti ya kutikisa vioo vya madirisha, na kila alipokufa pale jukwaani wanawake wazima walitoa leso. Mimi simnyang'anyi mtu sifa yake. Ila nilikuwa mke wa yule mwingine, na habari za yule mwingine zimenikaa kooni miaka yote hii, kwa hiyo nivumilieni.

Mume wangu alikuwa fundi wa viti katika karakana ya mabehewa. Kiti chochote cha behewa kilichochanika kilipita mikononi mwake. Alikivua kitambaa, akatoa sufi iliyovunda, akajaza mpya, kisha akashona kwa sindano nene iliyopinda. Ndiyo sababu walimwita Sindano. Nyumbani sindano zilikuwa kila mahali: kwenye ukosi wa shati, kwenye pazia, hata kwenye kipande cha sabuni. Siku moja nilikalia moja, nikapiga yowe la kuita majirani. Akaja mbio, na kitu cha kwanza alichotazama ni ile sindano, kama haijavunjika. Nilimnunia mpaka kesho yake.

Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimuuliza habari, atakwambia nzuri, hata kama dari limemwangukia. Lakini alikuwa na jambo lake moja ambalo hukuweza kumtoa. Kuna wakati msimamizi aliwaambia mafundi wajaze viti kwa matambara, juu wapitishe sufi kidogo tu, abiria hatajua. Wote wakanyamaza, wakajaza matambara. Mume wangu akasema hapana, bila kelele, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai. Walimhamishia kwenye kona isiyo na dirisha, akashona huko gizani akipiga mluzi. Nilimuuliza alipata faida gani. Akasema, "Mama watoto, kitako cha abiria hakina macho, lakini si kijinga."

Radi alikuwa mhunzi, chumba cha jirani. Walikua pamoja tangu wakichokonoa pua, wakaandikwa kazi siku moja. Kwangu alikuwa shemeji, kwa sababu wale wawili walichukuliana kama wametoka tumbo moja. Lo, mtu yule! Akiingia nyumbani kwako, nyumba inajaa. Atakusifu chakula kabla hajakionja, atawabeba watoto wote kwa mpigo, ataanza hadithi jikoni aimalizie uani. Mume wangu alikuwa akimtazama tu na kucheka kimyakimya, mabega yakimtikisika.

Nyuma ya karakana kulikuwa na ukumbi wa mbao. Mpaka leo nikisikia harufu ya nta ya sakafu moyo wangu unarudi pale, kwenye yale mabenchi yaliyolalamika ukiyakalia, na lile pazia zito nililolitia viraka mpaka halikujulikana rangi yake ya asili. Mara moja kila mwaka, Jumapili alasiri, wafanyakazi waliigiza mchezo wao. Hawakuigiza mwingine. Ulikuwa mchezo wa zamani, hakuna aliyejua umetungwa na nani. Waliupokea kwa waliowatangulia pale karakana, wakaupokeza.

Nitausimulia kwa kifupi. Kuna mji wenye ukuta, na mtawala wake mzee anaumwa. Kuna marafiki wawili, Jemadari na Mshika Funguo. Matajiri wa mji wanamwendea Mshika Funguo wakiwa na joho jekundu la utawala. Wanamwambia, tufungulie lango usiku, tumwondoe mzee, na joho hili uvae wewe. Anajibu, "Funguo nimepewa nizishike, sikupewa mji niuuze." Basi wanamwendea Jemadari. Yeye analivaa. Kuanzia hapo ni damu na majuto mpaka mwisho, Jemadari anapokufa peke yake kwenye kiti alichokiiba. Mshika Funguo anaingia, anamfumba macho, pazia linafungwa.

Radi alikuwa Jemadari. Mume wangu alikuwa Mshika Funguo. Sasa niambie, mtu safi mchezo mzima, anasema maneno yake mawili matatu, halafu anakwenda kukaa nyuma ya pazia anywe chai mpaka wakati wa kumfumba mwenzake macho. Nani atamkumbuka? Watu wakitoka ukumbini walikuwa wakiigiza mngurumo wa Jemadari njia nzima. Sijawahi kumsikia mtu akimwigiza Mshika Funguo.

Na mume wangu aliitaka nafasi ile ya Jemadari, msidanganyike na upole wake. Alikuwa akiisema yote bafuni, toka mwanzo mpaka kufa. Mimi nikiwa jikoni nilizima jiko ili nisikilize vizuri. Sauti yake haikuwa ya kutikisa vioo. Ilikuwa ya mtu anayekwambia jambo lililomuuma, na pale kwenye hotuba ya mwisho nilikuwa nikijikuta nimeshika tama juu ya mchicha. Akitoka anajifuta maji namwambia, "Mwambie Katibu wa kikundi akupe nafasi." Jibu lake lilikuwa moja siku zote: "Joho lina mwenyewe."

Hapo alikuwa sahihi, maana kikundi kilikuwa na desturi zake mbili. Ya kwanza, nafasi ni ya mtu mpaka aivue mwenyewe. Hakuna wa kukunyang'anya. Siku ukichoka, unalivua vazi lako kwa mikono yako na kumvisha unayemtaka, basi, imekwisha. Ya pili, hakuna kunong'onezana nyuma ya pazia. Anayesahau asahau mbele ya watu, na watu wamcheke. Walijivunia sana hilo la pili, utafikiri wamelishushiwa toka mbinguni.

Tulizeeka hivyo. Mimi ndiye niliyeshona na kutengeneza mavazi, kwa hiyo nilijua nani ameongezeka tumbo na nani amekwisha mabega. Joho la Jemadari lilikuwa la mahameli, zito kama mtoto aliyelala, na kila mwaka nilirudishia mshono wa kwapani, kwa sababu Radi alikufa kwa vishindo.

Halafu ikaja habari kwamba karakana inafungwa. Mashine zingeuzwa, na ukumbi wetu ungekuwa ghala la simenti. Wakaruhusiwa kucheza mara moja ya mwisho.

Na mwaka huohuo ndipo Radi alipoanza kupotea. Mwanzoni tulicheka. Alisahau kofia, alisahau mlango, alimwita mwanangu kwa jina la mjomba wake. Kisha asubuhi moja akaja kwangu amenyoa vizuri, akaniuliza, "Shemeji, mke wangu hajapita hapa?" Mke wake tulikuwa tumemzika zamani. Sikucheka tena. Nilimkalisha, nikampa chai, nikamwambia hajapita.

Kwenye mazoezi alianza vizuri, sauti ileile, kifua kilekile, halafu katikati ya sentensi anasimama. Anatazama mikono yake. Wenzake wanatazama sakafu. Binti yake, aliyekuwa akimleta na kumrudisha, alikuwa akikaa nyuma kabisa ukumbini anauma kucha.

Ndipo Katibu akaja nyumbani. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi, karani mstaafu, mtu wa kukohoa kabla ya kusema. Akakohoa. Akasifu viti vyetu. Nikajua kuna jambo.

"Ndugu Sindano," akasema, "mji mzima utakuja. Mara ya mwisho hii. Wewe unaijua nafasi ya Jemadari kuliko yeyote."

"Mwenye nafasi yupo," mume wangu akajibu.

"Yupo na hayupo. Umemwona mwenyewe. Atasimama pale kama mtoto aliyepotea sokoni, na watoto wa shule watamcheka mpaka waanguke. Unataka akumbukwe hivyo?"

"Mmemuuliza mwenyewe?"

"Tulimuuliza. Akalia."

"Basi mmeshajibiwa."

Katibu akakohoa tena. "Wewe atakusikiliza. Ukimwambia, 'Kaka, nivishe joho,' atakuvisha papo hapo. Hata hatajua ametoa nini."

"Ndiyo maana siwezi kumwambia," mume wangu akasema, kisha akainuka kumsindikiza mgeni, adabu zake zote mahali pake.

Mlango ulipofungwa nililipuka. Sikumung'unya maneno. Nilimwambia umeisema nafasi hii kwenye povu la sabuni maisha yako yote, leo wamekuletea mpaka kibarazani, unaikataa. Nikamwambia na huyo ndugu yako wataenda kumzomea, wewe ukiwa umesimama kando na mafunguo yako ya bati. Nani atafaidika? Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema, "Nikimvua joho akiwa hajui, mimi na wale matajiri wa mchezoni tofauti yetu nini?" Nikamwambia ule ni mchezo, na haya ni maisha. Akaniuliza kama kuna chai. Jamani, mwanamume huyo angeweza kumtia mtu wazimu.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa, watu wakakaa mpaka kwenye madirisha. Chumba cha kuvalia kilikuwa kile cha zamani, kioo chenye ufa na misumari ya kutundikia nguo. Nilikuwa nimepiga magoti napunguza upindo wa mtu, nikasikia Radi akisema, "Simama vizuri."

Nikageuka. Radi alikuwa amelishika joho jekundu kwa mikono miwili na anamvisha mume wangu. Taratibu, bega moja, kisha la pili. Akalifunga kifungo cha shingoni, akarudi nyuma, akatabasamu. "Limekukaa, Jemadari," akasema. Alidhani mwenzake ndiye Jemadari. Alidhani yeye ni fundi wa nguo, au sijui nani.

Katibu alikuwa mlangoni. Macho yalimtoka. "Amemvisha mwenyewe!" akasema. "Mmeona wote! Desturi imetimia, hakuna wa kupinga!"

Mimi nilikuwa na pini mdomoni. Mume wangu alijitazama kwenye kioo, na sikuwahi kumwona vile. Joho lilimkaa kweli. Nililolishona mimi, nililoliziba mimi, lilimkaa kuliko lilivyowahi kumkaa Radi, na yeye aliona. Mkono wake ulipanda ukagusa ile mahameli kifuani. Nilisema moyoni, usilivue. Ee mume wangu, mara hii tu, usilivue.

Akalifungua kifungo.

"Umekosea, kaka," akamwambia Radi. "Hili ni lako." Akamzungusha kwa mabega kama unavyomgeuza mtoto, akamvisha, akalilaza vizuri mgongoni. Radi akajitazama kwenye kioo, akanyooka. "Ni langu?" akauliza. "Lako. Twende, watu wanakungoja."

Nilitema pini zote sakafuni.

Onyesho la kwanza lilipita salama, kwa sababu walikuwa jukwaani wote wawili, na Radi alikuwa akimtazama yeye. Likafuata lile la baraza la vita. Hapo mume wangu hana kazi, hapo ndipo alipokuwa akija kukaa nami nyuma ya pazia. Nilikuwa nimeshammiminia chai ingawa nimenuna. Akachukua rundo lake la funguo na kurudi jukwaani.

"Unakwenda wapi?" nikamnong'oneza. "Hili si lako!"

"Kila chumba kina mlango," akasema. "Na mimi ndiye mshika funguo."

Akaenda kusimama kando ya ule mlango wetu wa turubai, wima, kama mlinzi. Wenzake walishtuka, lakini walikuwa wachezaji wakongwe, hawakupepesa. Radi akaanza kuunguruma. Akafika katikati, akasimama. Akatazama mikono yake. Nilifumba macho.

Nikasikia sauti ya mume wangu, ileile ya bafuni. "Bwana wangu, jana uliniambia hulali. Ni kwa ajili ya wale waliokuja na joho?"

Kisha Radi akainua kichwa. "Ni kwa ajili yao!" akanguruma, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililokuwa limeziba. Yalipokatika tena, mlangoni pakatoka swali jingine. "Na mzee wetu, bwana, alipokutazama, ulimwambia nini?" Hakumnong'oneza hata neno moja, maana desturi ilikataza. Aliyachukua maneno ya Jemadari, akayageuza maswali, akampa mwenzake kazi ya kujibu. Penye kujibu ndiyo, Radi alijibu ndiyo. Penye kukumbuka, alikumbuka. Mchezo wote ukaenda hivyo, chumba kwa chumba, mlango kwa mlango. Mtu mmoja wa benchi la mbele alimwambia mkewe, "Mwaka huu wameongeza maneno." Mkewe akamwambia anyamaze.

Na niwaambie, nilikuwa nimeutazama mchezo ule tangu nikiwa mwari, lakini siku ile ndiyo nilipoona unahusu nini. Kumbe rafiki alikuwepo wakati wote. Alimwona mwenzake akizama hatua kwa hatua, na hakumwacha.

Likabaki onyesho la mwisho. Jemadari kwenye kiti, peke yake, anasema hotuba yake na kufa. Mlango hapo haupo, wameuondoa. Desturi ni desturi, mume wangu akasimama kando ya pazia, karibu nami, akingoja. Nilisikia anavyopumua.

Radi alikaa. Hakusema. Akatazama watu, safu baada ya safu, na watu wakaanza kusogeasogea kwenye mabenchi. Nyuma huko mtoto akacheka. Mara Radi akageuka upande wetu na kuita, si kwa sauti ya radi, kwa sauti ya mtu mzee tu.

"Sindano. Sindano, uko wapi? Hawa watu ni akina nani?"

Mume wangu hakunitazama. Akatoka. Akatembea polepole, funguo zikilia, akaketi chini miguuni pa kile kiti.

"Niko hapa," akasema. "Hawa ni watu wako."

"Wote?"

"Wote. Wamekuja kukuaga."

Radi akawatazama tena. Hakuna aliyecheka sasa. "Niliwatendea mabaya?"

"Uliwatisha, ukawaliza. Na bado wamekuja."

"Nimechoka, ndugu yangu."

"Basi pumzika. Milango nitaifunga mimi."

Akainua mkono, akampitishia usoni, na Radi akafumba macho kwa utiifu, kama mtoto anayeambiwa alale. Katibu, kwa machozi, hakuwa na uwezo wa kuvuta kamba ya pazia. Nililivuta mimi, na nilikuwa nalia kwa kwikwi kiasi kwamba lilikwama mara mbili. Makofi yalipoanza nilidhani zile mbao zitaanguka kabla ya wenye simenti kufika.

Walimpigia Radi makofi hayo. Walimbeba juujuu. "Mwaka huu amekufa kuliko miaka yote!" wakasema. Mume wangu alibaki nyuma akiokota zile pini zangu sakafuni, asije mtu akakanyaga. Nikamwendea kwa hasira zangu zote, nikamshika uso, nikambusu mbele ya wafanyakazi wa karakana. Akaona haya mpaka masikio. "Chai yangu imepoa?" akaniuliza.

Ukumbi ukawa ghala kweli. Kila Jumapili alasiri mume wangu alikwenda nyumbani kwa Radi kukaa naye. Binti alisema baba yake hamjui tena yeyote, hata yeye mwenyewe humwita dada. Mume wangu akirudi nilimuuliza, amekujua? Anasema, "Tumekaa vizuri."

Mwaka jana mume wangu alilala mchana akapumzika, hakuamka. Kulikuwa na watu wachache mazishini. Mmoja alinishika mkono akasema, "Alikuwa fundi mzuri, na kumbe aliwahi kuigiza pamoja na Radi!" Nilimeza mate tu, kwa ajili ya watoto.

Jumapili iliyofuata miguu ilinipeleka kwa Radi, sijui hata kwa nini. Nilimkuta kibarazani, shingo imekwisha, na kando yake kiti kitupu kilichoshonwa vizuri, nikaujua mkono. Nikainama nimsalimie. Hakunijua. Nikataka kukaa kwenye kile kiti, akaweka kiganja chake juu yake.

"Hapana, mama. Hapa pana mtu."

"Nani, shemeji?"

"Mshika Funguo," akasema. "Huja Jumapili. Leo amechelewa, lakini huja."

Binti yake akatoka na kunitazama, midomo inamcheza. Nikamfanyia ishara asiseme kitu. Nikavuta kigoda, nikakaa upande wa pili wa kile kiti, nikamsubiri naye.